Taa Zikiwashwa Ndipo Tamasha Linapoanza

Kila yafikapo majira ya tamasha la filamu katika mji wa Zanzibar, kuna jambo moja ambalo hulishuhudia, na kwa kulishuhudia mara nyingi nimekuja kuliona kuwa ni kubwa kuliko filamu zote zilizoandikwa katika ratiba: watu wakishatoka Ngome Kongwe, usiku umekwisha kuwa mkubwa na upepo wa kusi unapuliza, hawashiki njia za majumbani mwao. Huvuka barabara wakaingia Forodhani, na pale baina ya meza za mishkaki na urojo, mbele ya mashine za kukamulia miwa, husimama makundi makundi wakihojiana. Je, baba yule alikuwa na haki ya kumwoza binti yake kwa mtu asiyemtaka? Na yule kijana aliyekimbilia ughaibuni akaacha kuandika barua, astahili lawama au astahili huruma? Muuza juisi, ambaye biashara haikumpa nafasi ya kuiona filamu hata dakika moja, huwa amekwisha kuisikia kwa vinywa vya wateja watatu wasiopatana, na kwa kuwa yeye hana upande, ndiye aghalabu anayekata shauri, na hukumu yake husikizwa.

Nami nasema mapema ili msomaji asipate taabu ya kunitafuta: hicho kinachotendeka Forodhani bila ya mwandalizi wala ratiba ndicho kiini cha tamasha lolote la filamu lililokusudiwa jamii. Mazungumzo ya baada ya filamu, usomaji wa vitabu na mashairi, na mikusanyiko ya watu kunywa kahawa na kujuana, yanastahili kuwekwa mbele katika fedha, katika saa na katika heshima. Filamu ni mwaliko, karamu ni mazungumzo. Tamasha linalowaonyesha watu filamu ishirini, kisha likawaaga bila kuwauliza neno, limefanya kazi ya jumba la sinema, tena jumba lisilo na faida.

Filamu tunazo mikononi

Zamani mtu alikwenda kwenye sinema kwa sababu filamu haikupatikana pengine popote. Leo, kijana aliyekaa Kwahani au Mbagala akiwa na simu na bando la shilingi chache aweza kuona filamu za ulimwengu mzima kabla hajalala. Ndani ya nyumba moja utamkuta mama anafuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, baba yuko kwa jirani anatazama mpira, watoto wamekumbatia simu ya shangazi yao na katuni, na binti mkubwa amejifungia chumbani na visikizio masikioni. Wote wameona kitu usiku ule, na asubuhi wanapokunywa chai hakuna hata mmoja aliyeona alichokiona mwenziwe. Nyumba ya namna hiyo imepungukiwa na nini, kama si mazungumzo?

Maadam hali ndiyo hiyo, tamasha lampa nini mwananchi anayelipa nauli ya daladala kutoka shamba? Picha pekee hazitoshi kuwa jawabu, kwa kuwa picha anazo. Anachokifuata, hata kama hajakitamka, ni kukaa na mwenziwe mbele ya jambo moja, wakacheka pamoja na wakanuna pamoja, kisha akapata mtu wa kumwuliza: wewe umeonaje?

Ada iliyotangulia matamasha

Asidhani mtu kwamba ninaleta bidaa. Watu wa pwani walikuwa wakizihukumu filamu kabla ya tamasha lolote kuanzishwa. Jumba la sinema la Vuga, lililojengwa mwaka 1921 kwa jina la Royal, likaungua mwaka 1954 na kuinuliwa upya mwaka uliofuata likiitwa Majestic, halikuwa mahali pa kutazama tu. Lilikuwa mahali pa kuonana. Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao, wakaenda mashoga kwa mashoga, na habari za filamu zikaingia majikoni kabla wanaume hawajajua kilichotokea. Ilipokuja Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka Bara Hindi mwaka 1951, ikaleta suala ambalo kila nyumba ililijua: hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mwanawe mwenyewe anakulia mitaani mikononi mwa mwizi. Je, tabia huzaliwa nayo mtu au huvishwa na malezi? Nimewasikia wazee waliokuwa vijana wakati ule wakilijadili suala hilo kwa hamu ileile, na mikono yao ikinyooshwa hewani, kama kwamba kesi bado haijaamuliwa.

Na aliyepita Mji Mkongwe anaijua Jaws Corner, ile pembe ya njia ambapo kahawa huuzwa kwa vikombe vidogo, bao na dhumna huchezwa, na siasa za dunia nzima husahihishwa kila jioni. Jina lake limetokana na filamu ya Marekani ya papa mla watu. Filamu imekwisha zamani, na wengi wanaokaa pale leo hawajaiona. Mabaraza ya saruji yaliyoizunguka yangali yamejaa watu.

Kulikuwa pia na njia nyingine ya kuwaonyesha watu filamu, nayo haifai kusahauliwa, kwa maana bado ina warithi. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35, za kilimo, za afya, hata za kuweka akiba posta, zikapakiwa katika lori na kutembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda, na zikafika hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wanavijiji walikuja kwa maelfu, wakakaa chini gizani, wakasikia sauti ya mtu asiyeonekana ikiwaeleza watende nini. Walikuja kusikia, hawakuja kusema. Lakini binadamu hakuumbwa masikio matupu: mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilipokuja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye aliongoza vyama vya wafanyakazi na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Waliotakiwa kunyamaza hawakunyamaza muda mrefu.

Ndiyo sababu nasikitika ninapoona, katika zama hizi zetu wenyewe, filamu ya kuelimisha juu ya malaria au ndoa za utotoni ikiletwa kijijini kwa gari, ikaonyeshwa, karatasi za mahudhurio zikatiwa saini, na gari likaondoka. Lori ni jipya, sauti ni ya Kiswahili fasaha, na kijiji kimeachwa palepale gizani na maneno yake mdomoni.

Usiku mmoja upande wa kusini

Tamasha la Nchi za Jahazi, lile lile la Ngome Kongwe, lililoasisiwa mwaka 1997 na kufanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, lilikuwa na busara ya kutojifungia ndani ya kuta za Ngome; tangu zamani limekuwa likizipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba, na likawa na nafasi zake za wanawake na za watoto. Kazi hiyo ya vijijini haipigwi picha sana na wageni, na kwa rai yangu ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Nilihudhuria usiku mmoja wa namna hiyo, mbali na tamasha kubwa, katika kijiji cha upande wa kusini ambako wanawake wanalima mwani. Vijana wa hapo waliandaa wenyewe: shuka nyeupe mbili zilizoshonwa pamoja zikafungwa kwenye minazi, jenereta ikawekwa nyuma ya msikiti mbali kidogo ili isivuruge, wanawake wakakaa mbele juu ya mikeka na wanaume wakasimama nyuma wameegemea baiskeli. Filamu ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, iliyotoka mwaka 2018, inayosimulia habari za mtoto wa kike, Jo, mwenye maradhi yasiyo na tiba, anayependa sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anataka apumzike ndani kwa salama. Dada yake anataka atoke, acheze, na kijiji kizima kishirikiane kumfanya shujaa wa filamu yake mwenyewe.

Filamu ilipokwisha, palikuwa kimya. Kijana mwenye kipaza sauti hakupanda jukwaani kueleza mafunzo yake, aliuliza swali moja tu, naye aliliuliza kwa adabu: "Mama zangu, nani alikuwa na haki, mama au dada?" Bibi mmoja alijibu kwamba mama ndiye aliyelea mimba, kwa hiyo haki ni yake. Msichana wa skuli akapinga, akisema mgonjwa naye ana haki ya kuulizwa, hata akiwa mdogo. Wanaume nyuma wakaingilia, mmoja akasema lake juu ya baba yake aliyemwuguza, mwingine akamkatiza, bibi akawanyamazisha wote wawili. Kisha akainuka mwanamke wa makamo, ameuvuta mtandio hadi karibu na macho, akasema kwamba yeye nyumbani ana mtoto mwenye selimundu, na kwamba kwa miaka amekuwa akiwaambia majirani kuwa ni homa tu, kwa kuchelea maneno ya watu juu ya ukoo wake. Akasema hayo, akakaa. Waliokuwa karibu naye wakasogea mkekani wakamgusa bega. Hapana mtaalamu aliyesimama kufafanua selimundu siku ile, ingawa lau angekuwapo muuguzi mmoja wa zahanati ingefaa sana. Mazungumzo yaliendelea mpaka jenereta ilipoishiwa mafuta.

Basi nauliza: filamu ile ingeonwa na mwanamke yule peke yake, katika simu, usiku, angemwambia nani?

Hayati Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa mwandishi wa vitabu kabla hajawa mtengenezaji wa filamu, alikwenda Moscow kujifunza kazi hiyo akiwa mtu mzima kwa sababu alitambua kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kusoma Kifaransa. Mwaka 1968 alitoa Mandabi kwa lugha ya Kiwolofu. Lakini hakuishia hapo. Alizichukua filamu zake vijijini, akakaa na watazamaji, akabishana nao na akakubali kubishiwa. Mtu wa cheo chake angeweza kutosheka na makofi ya Ulaya. Ni wangapi katika vijana wetu wa leo, wanaotengeneza filamu Dar es Salaam, Nairobi na Bagamoyo, waliokwisha kukaa mbele ya mvuvi akawaambia kwamba nyavu hazitupwi namna ile waliyoionyesha? Mtengenezaji wa filamu aliyepata aibu hiyo njema mara moja hatarudia kosa, na filamu yake ya pili itakuwa na ukweli ambao mwalimu yeyote darasani hakuweza kumpa.

Usomaji mbele ya hadhira

Sehemu ya matamasha iliyodharauliwa kuliko zote ni usomaji. Huwekwa mchana wa jua kali, katika chumba cha pembeni, mwandishi akawasomea waandishi wenziwe. Na hali sisi ni watu ambao mashairi tumeyapokea kwa masikio kabla ya macho. Utenzi ulighaniwa mbele ya jamaa, na maulidi husomwa hadi leo kwa sauti, watoto wakiwemo, na hapana anayesema kwamba kusomewa ni jambo la kuchosha.

Ichukuliwe riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania wameisoma kwa ajili ya mitihani yao. Amil Shivji akaitengenezea filamu iliyotoka mwaka 2021: Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mume mzee, anakimbia, anakutana na Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950, na vichochoro wanavyovipita ni vilevile tunavyovipita tukienda sokoni Darajani. Je, kuna darasa lililo bora kuliko kumsimamisha mwanafunzi wa skuli ya Zanzibar, kitabu mkononi, akausoma kwa sauti ukurasa mmoja, kisha hadhira ikaonyeshwa sehemu ileile katika filamu, kisha ikaulizwa ni kipi kilichoachwa na kwa nini? Mwanafunzi aliyelichukia somo kwa sababu ya mtihani angelipenda kwa sababu ya bibi yake aliyeketi safu ya mbele akimsahihisha namna watu walivyovaa baibui zama zile.

Na Kuli, riwaya nyingine ya mwandishi huyohuyo, inayohusu maisha ya wachukuzi wa bandarini, kwa nini isisomwe Malindi, karibu na gati, jioni wachukuzi wanapomaliza zamu, mahali ambapo mgomo wa wachukuzi wa mwaka 1948 haukuwa hadithi? Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na riwaya yake ikafasiriwa kwa Kiswahili ikaitwa Peponi, hatuna tena udhuru wa kusema kwamba maneno yake yako mbali nasi. Yanahitaji msomaji mwenye sauti nzuri, taa, na watu.

Nani ashike kipaza sauti

Sasa nifike kwenye lawama, nami silitaji tamasha lolote kwa jina, kwa sababu aibu hii imeenea. Mazungumzo yetu mengi hufanywa saa nne asubuhi, ndani ya hoteli, mlangoni amesimama askari, waliomo wamevaa beji shingoni, na lugha inayosemwa ni Kiingereza tangu karibuni hadi kwaherini. Saa nne asubuhi mvuvi yuko dikoni anauza alichopata usiku. Mama ntilie anachambua mchele. Kuli yuko bandarini. Mwalimu yuko darasani. Waliobaki ni wageni wa heshima na sisi waandishi. Hapo hujadiliwa, kwa umakini mkubwa, namna ya kuifikia jamii. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na jamii hiyo inayotakiwa kufikiwa inapita nje ya dirisha na mkokoteni.

Nimekwisha kusikia nyudhuru. Huambiwa kwamba wafadhili ni watu wa ng'ambo na hawajui Kiswahili. Basi na awekwe mkalimani, naye awatafsirie wageni badala ya wenyeji. Watu wetu wana ustadi mkubwa katika kazi hiyo. Wale wasimulizi wa mabanda ya video, waliokuwa wakizifasiri filamu za Kichina na za Kihindi papo kwa papo hadi mtazamaji akasahau kwamba waliomo hawasemi Kiswahili, walifanya bila ya shahada jambo ambalo mikutano mikubwa hulipa fedha nyingi kulifanya vibaya. Huambiwa pia kwamba mazungumzo ya wazi yatageuka siasa au yatawaudhi wengine. Yanaweza. Lakini baraza lina adabu zake. Mzee akikohoa, kijana hupunguza sauti, na mwenye matusi huondolewa na wenziwe bila ya askari. Hofu ya maneno ya watu haijapata kujenga mtaa.

Huambiwa, mwisho, kwamba fedha hazitoshi. Hili silikubali hata kidogo. Birika mbili za kahawa, sinia la kashata na halua, mikeka ya kuazima na kipaza sauti kimoja ni gharama ndogo mno mbele ya zulia jekundu, mabango ya wafadhili na magari ya kuwapokea wageni waalikwa. Zulia lile hukanyagwa jioni moja na watu wachache, na mama aliyekuja na watoto wake watatu kutoka Fuoni huambiwa asimame pembeni wapite.

Na wanawake je? Hapa nasisitiza, kwa sababu katika mikusanyiko mingi ya usiku nimewakuta wanaume peke yao wakizungumzia maisha ya wanawake. Binti wa nyumba yetu hawezi kukaa nje hadi saa sita za usiku, na mama mwenye mtoto mchanga hawezi kumwacha. Mabibi zetu walikuwa na maonyesho yao mchana; nasi tunashindwaje kuweka kikao cha wanawake baada ya Alasiri, chenye mahali pa watoto kucheza, kikaongozwa na mwanamke wa mtaa anayeaminiwa, na waliyoyasema yakapelekwa kwenye mjadala wa usiku kwa idhini yao? Tamasha lisilojua saa za nyumba za watu haliwezi kujiita la watu.

Kwa waandalizi nina maombi machache. Ratiba ijayo ipunguzwe filamu, hata kama itapunguzwa nne au tano, na nafasi hizo zipewe watu wa kusema. Kila filamu ya usiku ifuatwe na nusu saa kamili ya mazungumzo kwa Kiswahili, na mtazamaji wa kawaida atangulie kusema kabla ya mtaalamu na kabla ya mgeni rasmi. Usomaji utolewe hotelini upelekwe Michenzani, Malindi, Makunduchi na Wete. Aliyetengeneza filamu na akapewa tiketi ya ndege aje akiwa amekubali kukaa mkekani.

Nawe msomaji, tamasha litakapofika mtaani kwenu, mwambie mama yako mapema, mtafute jirani wa kwenda naye, beba mkeka wako, na taa zikiwashwa kaa palepale uulize swali lako.